Waziri akipigwa chini Uingereza anaenda wapi? Na mkeka wao wa uteuzi anaupanga nani, Mfalme au Waziri Mkuu?

DerevaWaSakina

Wakuu habari za jioni, hasa wa Arusha na Moshi manake najua humu kuna watu wamesoma siasa na wengine wamekaa Uingereza miaka.

Mimi ni dereva wa watalii. Hii kitu imenikaa kichwani tangu Septemba 2025. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa tarehe 5, tunashuka kutoka Ngorongoro, nimebeba mzee na mkewe Waingereza, watu wazuri hawana makuu, siku tatu zote tumepiga stori za tembo na faru tu. Kufika Karatu mtandao umerudi, simu zao zikaanza kulia mfululizo, yule mama akamwambia mumewe Rayner, Naibu Waziri Mkuu wao, kajiuzulu, na kuanzia hapo hawakuangalia tena dirishani, hata Makuyuni pale walipokuwa wameniomba nisimame wapige picha za ng'ombe nikawaona hawana habari. Jioni naenda kuwaaga hotelini nawakuta wako kwenye kochi la mapokezi na mzee anamsomea mkewe majina. Lammy katolewa Mambo ya Nje kawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Sheria, Cooper katoka Mambo ya Ndani kaenda Mambo ya Nje, Mahmood katoka Sheria kaenda Mambo ya Ndani. Wizara tatu nzito zimezungushwa jioni moja. Nikasema moyoni kumbe na wao wana mkeka, tofauti wa kwetu mara nyingi unatoka usiku watu wameshalala.

Sasa naombeni mnisaidie. Mfalme ana sauti yoyote hapo au anaambiwa tu? Huyu mama Cooper aliyeamka ni wa polisi na uhamiaji akalala ni wa mabalozi, hiyo kazi mpya anaijua saa ngapi? Na la tatu ndo linanisumbua zaidi. Nilimuuliza mzee, aliyetolewa anaenda wapi, akaniambia anabaki mbunge, anahamia viti vya nyuma vya wabunge wasio na cheo, mkewe akadakia akasema hapo ndo balaa linapoanza. Nikataka kuuliza zaidi ila gari lao la kwenda uwanja wa ndege wa KIA lilikuwa limeshafika.

Mwl_Majengo

Mkuu swali zuri sana hili, mimi nafundisha Uraia hapa Moshi na nikifika mada ya mihimili ya dola huwa natumia Uingereza kama mfano kwa sababu vitu vingi vya Bunge letu vimetoka kule, hata spika na siwa.

Mfalme anateua kwa jina, anayepanga ni Waziri Mkuu. Waziri Mkuu anapeleka majina, Mfalme Charles anakubali, hana nafasi ya kusema fulani simtaki. Kazi yake inaonekana kwenye kiapo na kwenye mihuri, manake waziri mkubwa akitoka anarudisha muhuri wa ofisi kwa Mfalme na anayeingia anakabidhiwa. Ni heshima kubwa ila maamuzi yameshafanyika Downing Street namba 10, ofisini kwa Waziri Mkuu.

Watu wengi hawajui kwamba hata Waziri Mkuu hajaachiwa tu ajaze watu anavyotaka. Kuna sheria mbili za mwaka 1975, moja iliweka kwamba mawaziri wanaolipwa mshahara wasizidi 109, wakubwa kwa wadogo, na nyingine inasema ndani ya Bunge la kuchaguliwa mawaziri wasizidi 95. Wabunge wako 650. Hiyo 95 ina maana yake, manake waziri analazimika kupiga kura upande wa serikali, asipotaka ajiuzulu, sasa bila kikomo Waziri Mkuu angeweza kuwapa vyeo nusu ya Bunge na kusingekuwa na wa kumhoji.

Alafu kwa desturi yao waziri lazima awe Bungeni, ama mbunge wa kuchaguliwa ama lodi, yani mjumbe wa Bunge lao la juu lisilochaguliwa. Hapa ndo wanafanana na sisi, kwetu Katiba ibara ya 55 inasema mawaziri watoke kwa wabunge, na Rais akimtaka mtu ambaye si mbunge anaye mlango wake, ana nafasi hadi 10 za kuteua wabunge, anamfanya mbunge kwanza ndo anampa wizara. Waingereza wanatumia ulodi. Novemba 13, 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alimfukuza Suella Braverman Mambo ya Ndani, akamhamishia hapo James Cleverly kutoka Mambo ya Nje, na Mambo ya Nje akampa David Cameron ambaye alishakuwa Waziri Mkuu mpaka 2016 na wakati huo hakuwa hata mbunge. Akapewa ulodi, akaingia. Wanafunzi wangu huwa wanashangaa mtu aliyekuwa namba moja anakubali kuwa chini ya mtu mwingine, mimi nawaambia nchi zao hilo si aibu.

chalii_Ngarenaro

Mi naona wenzetu wako vizuri. Huyo Rayner alinunua nyumba akalipa kodi pungufu kama pauni 40,000, yule mshauri wa maadili akasema hakuwa na nia mbaya ila kanuni za mawaziri amezivunja manake hakutafuta ushauri wa mtaalam wa kodi, basi siku hiyo hiyo mama kaachia unaibu Waziri Mkuu, wizara ya nyumba na unaibu wa chama. Hakuna cha kusubiri upepo upite. Kwa mtu kama mimi mwenye kaduka ka spea pale Ngarenaro ambaye kodi nalipa kwa tarehe, kitu kama hicho kinanipa moyo kabisa. Waziri akiharibu aondoke, kila mwezi ikibidi.

Mama_Njiro

Mdogo wangu chalii, kwa Rayner nakuunga mkono ila hiyo ya kila mwezi ngoja nikwambie nilichokiona.

Nimeishi Uingereza miaka 9, mji unaitwa Reading, nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, nimerudi Arusha 2023. Mwaka 2022 naukumbuka kama jana. Mwaka mmoja huo Uingereza ilikuwa na mawaziri wa fedha wanne, Sunak, Zahawi, Kwarteng na Hunt. Wa elimu walikuwa watano, Zahawi tena, Donelan, Cleverly, Malthouse, Keegan. Huyo Michelle Donelan aliteuliwa Julai 5 usiku akajiuzulu Julai 7 asubuhi, hata siku mbili hazijaisha, na kwa sheria ilivyokuwa waziri anayetoka anapewa robo ya mshahara wa mwaka, kwaiyo alistahili zaidi ya pauni 16,000 kwa siku mbili. Mwenyewe alisema hazitaki. Lakini fikiria mwalimu mkuu wa shule anayesubiri barua yake ijibiwe na wizara.

Kwarteng yeye alikaa siku 38. Septemba 23 alisoma bajeti yake ya kupunguza kodi bila kusema pengo litazibwa na nini, pauni ikaporomoka, mabenki yakaanza kuondoa mikopo ya nyumba sokoni, yani mkopo uliokuwepo asubuhi jioni haupo. Oktoba 14 Waziri Mkuu Liz Truss akamfukuza. Na yeye Truss wiki iliyofuata akatangaza kuondoka. Watu mnasoma hizo tarehe kama historia, mimi nilikuwa mpangaji. Mwenye nyumba wetu mkopo wake ulikuwa unaisha muda mwezi wa kumi na moja, akapata mpya wenye riba karibu mara tatu ya ule wa zamani, akaja kutuambia wapangaji wote wanne kwamba kodi inapanda kwa pauni 220 kwa mwezi, tukubali au tuhame kabla ya Krismasi. Nilikuwa natuma hela ya ada ya mwanangu huku Njiro kila tarehe 28. Mwezi ule sikutuma. Nilikaa kitandani baada ya zamu ya usiku nikalia, na kwenye tivii wanaonyesha waziri mpya anapita kwenye ule mlango mweusi namba 10 anatabasamu.

Na kwenye habari ya mlango, Dereva, ukiwa kule utajua mapema nani kapata. Wanaopewa vyeo wanaitwa pale namba 10 kamera zote zinawaona wakiingia. Wa kupigwa chini kwa kawaida anaitwa kimya kimya kwenye ofisi ya Waziri Mkuu iliyoko ndani ya Bunge, ili asidhalilike. Hiyo heshima niliipenda.

Swali lako la pili, kazi anaijua saa ngapi, jibu ni kwamba anaikuta inajulikana. Kila wizara ina katibu mkuu ambaye ni mtumishi wa umma, haingii na chama wala hatoki na chama, mawaziri wanapita yeye yupo. Waziri akiingia siku ya kwanza anakabidhiwa mafaili yameshaandaliwa. Kwaiyo nchi haisimami, ila mambo ya muda mrefu ndo yanakufa. Wizara ndogo ya nyumba kati ya 2010 na 2024 ilipita mawaziri zaidi ya 10, ndani ya miaka 14! Nyumba haijengwi kwa mwaka mmoja jamani, kila anayekuja anaanza kuuliza tulikuwa wapi. Ndo maana mtu kama mimi nilikuwa napanga chumba na watu wengine watatu nikiwa na miaka 41.

chalii_Ngarenaro

Pole sana mama, hiyo ya ada imenigusa. Nimekuelewa, kumbe kutumbua na kuzungusha ni vitu viwili tofauti.

DerevaWaSakina

Asanteni sana, Mwalimu na Mama Njiro nimewaelewa vizuri. Sasa hilo la tatu, viti vya nyuma. Manake kwetu waziri akitenguliwa na yeye anabaki mbunge wa jimbo lake, tunawaona Dodoma wamekaa kule, maisha yanaendelea. Balaa aliloniambia yule mama ni lipi?

Mangi_Kiboriloni

Hapo sasa umenigusa mimi, nina miaka 67 na hizi habari nilizisikiliza kwenye redio, BBC ya jioni, baba yangu alikuwa hakosi.

Kulikuwa na mtu anaitwa Geoffrey Howe. Huyu alikuwa na Waziri Mkuu Margaret Thatcher tangu siku ya kwanza 1979, alikuwa Waziri wa Fedha, baadae Mambo ya Nje miaka 6. Mtu mpole, anaongea polepole mpaka watu wanasinzia. Julai 1989 Thatcher akamtoa Mambo ya Nje akampa kuongoza shughuli za Bunge na jina la Naibu Waziri Mkuu, jina kubwa lakini kila mtu alijua ameshushwa. Akameza. Novemba 1, 1990 akajiuzulu kabisa kwa sababu ya mambo ya Ulaya, na kule aliyejiuzulu ana haki ya kusimama Bungeni aeleze. Tarehe 13 akasimama. Hakupiga kelele, hakutukana, alisema kufanya kazi na huyu mama ni kama mchezaji wa kriketi anayetumwa uwanjani alafu anakuta gongo lake limevunjwa kabla ya mechi, na aliyelivunja ni nahodha wake. Thatcher mwenyewe amekaa pale pale anasikiliza. Kesho yake Michael Heseltine, na huyu pia alikuwa waziri aliyetoka barazani 1986 kwa hasira katikati ya kikao, akatangaza kumpinga ndani ya chama. Tarehe 22 Thatcher akatangaza anaondoka. Siku 9 tu tangu ile hotuba! Mwanamke aliyeshinda chaguzi tatu mfululizo, aliyepigana vita ya Falklands, aliyeshindwa kumng'oa ni wapinzani, aliyemng'oa ni mpole aliyemhamisha kiti.

Kabla yake Waziri Mkuu Harold Macmillan, Julai 13, 1962, alifukuza mawaziri saba kwa mkupuo mmoja pamoja na Waziri wa Fedha Selwyn Lloyd. Alidhani anajiimarisha, watu wakaona kumbe anaogopa. Oktoba mwaka uliofuata hayupo.

Na sisi watu wa kaskazini tusijifanye hili hatulijui. Augustine Mrema, Mungu amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, siku saba zake alizokuwa anawapa watu wajirekebishe zilijulikana nchi nzima. Mwishoni mwa 1994 akahamishiwa Kazi. Nakumbuka pale Kiboriloni sokoni kina mama waliacha ndizi chini wakabaki wanaongea, wanasema wamemshusha mtoto wetu. Mwanzoni mwa 1995 akatoka CCM na Oktoba akagombea urais na chama cha NCCR akapata karibu asilimia 28. Alafu wa Arusha mlikuwa naye Lowassa wa Monduli, alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, baraza zima likavunjika, akarudi kukaa kwenye viti vya wabunge kimya mpaka 2015 ndo akahamia Chadema akagombea akapata kama asilimia 40. Miaka 7 alikuwa amekaa tu pale nyuma. Kwaiyo usimhesabu mtu ameisha kwa sababu umemtoa kwenye gari la serikali.

Mwl_Majengo

Mzee Mangi nakushukuru, hii nitaipeleka darasani. Ila niweke tofauti moja hapa ambayo naona ndo jibu kamili la Dereva, kwa nini kule linaitwa balaa na kwetu ni kelele za muda.

Howe hakuhama chama. Heseltine hakuhama chama. Walimng'oa kiongozi wao wakiwa ndani ya chama hicho hicho, kwenye viti hivyo hivyo, kwa sababu Waziri Mkuu wa Uingereza hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, amewekwa pale na wabunge kumuunga mkono, wakiondoa mkono ameanguka. Rais wetu amepigiwa kura na nchi nzima, waziri aliyetenguliwa hata akikasirika vipi pale Dodoma hana kamba ya kumvuta, ndo maana Mrema na Lowassa wote ilibidi watoke nje kabisa waanze upya. Na ukitoka chama kwetu ubunge unakwisha hapo hapo, Katiba ibara ya 71. Uingereza mbunge akihama chama anaondoka na kiti chake, kama Lee Anderson Machi 2024 alivyotoka chama cha Conservative kwenda chama cha Reform na akaendelea kukaa Bungeni mpaka uchaguzi wa Julai.

Mkitaka kuona nguvu hiyo angalieni Julai 5, 2022. Sajid Javid wa Afya na Rishi Sunak wa Fedha walijiuzulu jioni moja, dakika chache wamepishana, na ndani ya siku mbili zaidi ya mawaziri na wasaidizi 50 wakafuata, Waziri Mkuu Boris Johnson akawa hana wa kuwateua, akalazimika kuondoka. Na huyo Javid mjue alishatoka mara moja kabla, Februari 2020 akiwa Waziri wa Fedha Johnson alimwambia afukuze washauri wake wote ndo abaki na wizara, akakataa akaondoka. Nafasi yake alipewa nani? Huyo huyo Sunak.

Wakenya wao wameamua njia nyingine kabisa, Katiba yao ya 2010 waziri hatakiwi kuwa mbunge. Julai 2024 Ruto alipovunja karibu baraza lote, baadhi aliwarudisha, ila waliotoka moja kwa moja walienda nyumbani kweli, hakuna cha viti vya nyuma.

Mama_Njiro

Niongeze kidogo tu Mwalimu. Kwa sababu hiyo hiyo kule waziri anaweza kumwambia bosi wake hapana. Januari 2018 Waziri Mkuu Theresa May alimwita Jeremy Hunt amtoe Afya ampeleke Biashara, Hunt akakataa kabisa, akatoka pale bado ni Waziri wa Afya na ameongezewa huduma za jamii juu yake. Siku hiyo hiyo Justine Greening wa Elimu akaambiwa aende wizara ya Kazi na Pensheni, akakataa pia, yeye akaondoka serikalini. Sisi wa kwenye nyumba za wazee tulifuatilia sana ile ya Hunt, manake huduma za jamii ndo sisi, tukasema walau sasa jina letu liko kwenye wizara.

chalii_Ngarenaro

Swali la mwisho wakuu, sasa huyu Rayner na yeye ndo alienda viti vya nyuma?

Mwl_Majengo

Ndio chalii, alipojiuzulu uwaziri ubunge hakuuacha.

DerevaWaSakina

Aisee. Sasa naelewa kwa nini yule mama alikuwa anarudia jina la Rayner kuliko hao wote waliopewa vyeo, mimi nikadhani anamsikitikia tu.

Mzee Mangi ile ya gongo la kriketi nimeiandika kwenye daftari la gari. Kesho alfajiri nachukua wageni wanne KIA, wawili wanatoka Leeds, safari ya Tarangire siku mbili na barabara ni ndefu. Mama Njiro, kama hutojali, hiyo riba iliyopanda mara tatu ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada? Nataka niwaulize na wao kama iliwakuta.

Mama_Njiro

Mwenye nyumba alituambia alikuwa analipa chini kidogo ya asilimia 2, akapata mpya ya karibu asilimia 6. Waulize tu mwanangu, ila waulize wakiwa wameshakula.